Kwa nini utabiri wa simu huleta mvua ya Mbeya saa sita mchana ilhali hunyesha saa kumi jioni?

#1 Mpiga Dawa wa Isyonje

Wakuu, habari za majukumu. Ninalima viazi mviringo upande wa Isyonje, na kuanzia Desemba hadi Machi kazi yangu kubwa ni kupambana na ukungu. Dawa ya kugusa inatakiwa ikauke juu ya jani kabla mvua haijainyea. Ikinyewa ingali mbichi inashuka yote ardhini, na fedha inashuka nayo. Kwa sababu hiyo kila jioni ninatazama utabiri kwenye simu ili nijue kesho nijaze bomba saa ngapi.

Kinachonisumbua ni kwamba programu huonyesha mvua ikianza kati ya saa tano na saa saba mchana, karibu kila siku, tena mvua ndogondogo. Shambani mambo ni mengine. Asubuhi jua linawaka vizuri, saa tano vijiwingu vyeupe vinaanza kuota kwenye mabega ya Rungwe, saa nane vimekuwa minara, na saa tisa au saa kumi inashuka mvua nzito yenye radi, mara nyingine upande mmoja wa barabara tu. Nikiifuata programu ninaiacha asubuhi nzuri ipite bure. Dai langu ni kwamba hii si bahati mbaya, kwa sababu kosa linalojirudia kwa namna ileile lazima liwe na chanzo. Mwenye ujuzi atufafanulie.

#2 Kijukuu wa Loleza

Mkuu, kabla hatujafika mbali, tazama saa. Modeli za hali ya hewa duniani kote hutunza saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mvua ambayo modeli imeiweka saa tisa alasiri yetu imeandikwa 12:00 katika faili lake. Programu iliyotengenezwa ovyo ikiipokea hiyo 12:00 bila kuibadilisha, wewe utaisoma kuwa saa sita mchana. Tofauti unayoilalamikia ni ya saa tatu hadi nne, na mimi sioni haja ya kutafuta mchawi mwingine.

#3 Msimbo Iringa

Kamwene. Hoja ya #2 ni nzuri, lakini kuna njia rahisi ya kuipima. Saa zingekuwa zimekosewa, basi na joto la juu kabisa la siku lingeonekana saa tano asubuhi, jambo ambalo sijaliona katika programu yoyote ninayoifahamu. Zote huweka kilele cha joto saa nane au saa tisa, panapostahili. Ni mvua pekee iliyowahi. Tena mimi huchota takwimu ghafi za modeli bila kupitia programu yoyote, nikabadilisha saa kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa Iringa mjini mvua bado hutangulia.

#4 Mchunguzi Anga

Nimesoma hali ya hewa na ninafanya kazi karibu na eneo hili, kwa hiyo niruhusuni niandike kwa kirefu kidogo.

Modeli ya utabiri huigawa dunia katika visanduku. Ndani ya kila kisanduku kuna thamani moja tu ya joto, moja ya unyevu na moja ya upepo kwa kila tabaka la hewa. Modeli ya dunia nzima ya Marekani ina visanduku vya takriban kilomita 13 kila upande, na ile ya kituo cha Ulaya kilichopo Reading, Uingereza, ina vya kilomita 16. Sasa chukua lile wingu la radi alilolieleza mleta uzi. Shina lake, pale hewa inapopanda kwa kasi, lina upana wa kilomita moja, mbili au tatu. Linaingia zima ndani ya kisanduku kimoja na nafasi inabaki. Modeli haina mahali pa kulichora.

Hata hivyo haiwezi kulipuuza. Kila kilo moja ya mvuke inayogeuka maji huachilia takriban jouli milioni 2.5 za joto, na joto hilo hupelekwa kilomita nyingi juu, ambako husukuma upepo wa eneo zima la tropiki. Herbert Riehl na Joanne Malkus walionyesha mwaka 1958 kwamba minara michache ya namna hii ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto la tropiki hadi tabaka za juu. Modeli isiyo na minara hiyo ingekuwa na anga lisilofanana na letu.

Suluhisho lake huitwa skimu ya konveksheni, yaani ya kupanda kwa hewa yenye joto. Ni kifungu cha kanuni ndani ya modeli kinachotazama hali ya wastani ya kisanduku na kujiuliza maswali matatu. Je, hewa ya chini ina joto na unyevu wa kutosha kuanza kupanda? Ikipanda itafika wapi, na njiani itachanganyika kiasi gani na hewa kavu ya pembeni? Na kwa jumla ni hewa kiasi gani inapanda? Majibu hayo hugeuzwa kuwa kiasi cha mvua na badiliko la joto na unyevu katika kila tabaka. Ni kama mtu aliyesimama nje ya jiko, akitazama moshi unaotoka paani na kukadiria ni sufuria ngapi ziko mekoni na kila moja imefikia wapi.

Kosa la saa linatoka hapo. Skimu nyingi hupima akiba ya nishati inayoweza kuipandisha hewa, na akiba ikizidi kiwango fulani huanza kuimwaga. Akiba hiyo hukua haraka jua linapopanda, na ifikapo saa sita iko tele, kwa hiyo skimu huitumia mara moja kwa mvua nyepesi iliyosambaa. Wingu la kweli halina pupa hiyo.

#5 Mwalimu wa Tukuyu

Asante sana #4. Naomba niongeze kwa nini wingu la kweli huchelewa, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza hilo kila msimu wa mvua.

Chukua siku ya Januari mjini Mbeya, joto la nyuzi 24 na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa maji) nyuzi 14. Hewa isiyoshiba mvuke hupoa karibu nyuzi 9.8 kwa kila kilomita inapopanda, na kanuni ya haraka ni kwamba kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto na kiwango cha umande huinua kitako cha wingu kwa mita 125. Tofauti hapa ni 10, kwa hiyo kitako kitakuwa mita 1,250 juu ya mji. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo wingu litaanzia karibu mita 2,950, ambayo ni sawa na kilele cha Rungwe. Hapo juu hewa iliyoshiba hupoa polepole zaidi kwa sababu ya joto fiche, yaani lile linaloachiliwa mvuke unapogeuka maji, na ndiyo maana ina nguvu ya kuendelea kupanda.

Sasa tazama vile vijiwingu vya saa tano. Kila kimoja kinachomoza, kinakutana na hewa kavu, kinaliwa kwenye kingo na kutoweka baada ya dakika chache. Lakini hakijafa bure, kwa kuwa unyevu wake umebaki pale juu. Kijiwingu kinachofuata kinakuta hewa yenye unyevu zaidi na kinakwenda mbali kidogo. Kazi hiyo ya kulowesha anga huchukua saa kadhaa kabla mnara mmoja haujafanikiwa kupenya hadi tabaka za barafu. Skimu isiyokumbuka kilichotokea saa moja iliyopita haiwezi kuisubiri kazi hiyo.

#6 Hesabu Kwanza

Nasahihisha jambo moja katika #4. Kituo cha Ulaya kiliacha kilomita 16 mwezi Machi 2016 na tangu hapo utabiri wake mkuu unatumia kilomita 9. Kuanzia Juni 2023 hata ule utabiri wa pamoja wenye matoleo 50, uliokuwa wa kilomita 18, nao ni wa kilomita 9.

#7 Mchunguzi Anga

Sawa #6, ni kilomita 9. Kisanduku hicho bado kina eneo la kilomita za mraba 81, na kwa kawaida modeli huhitaji visanduku kadhaa vilivyopangana ndipo ichore umbo moja kwa uaminifu. Wingu la kilomita mbili bado halimo.

#8 Mama Chai Mufindi

Wanangu, mnaeleza vizuri na ninawafuata. Swali langu ni kuhusu mvua ya mawe. Huku kwetu inaweza kushuka kwenye kitalu kimoja cha chai ikapukutisha majani yote machanga, na kitalu cha jirani kisiguswe hata na tone. Sijawahi kuona simu ikinitahadharisha. Je, hiyo skimu inayajua mawe?

#9 Mchunguzi Anga

Shikamoo Mama. Skimu za modeli za dunia kwa kawaida hazitengenezi mawe yenyewe. Zinakadiria ni hewa kiasi gani inapanda, lakini jiwe la mvua linahitaji mkondo wa kupanda unaoweza kulibeba na kulirudisha juu likikua, na nguvu ya mkondo mmoja mmoja ndiyo hasa iliyopotea katika wastani wa kisanduku. Mtabiri akitaja uwezekano wa mawe, amesoma dalili nyingine kama akiba ya nishati, kimo cha kuganda na mabadiliko ya upepo kadiri unavyopanda juu. Kwa kitalu kimoja dhidi ya kingine, Mama, sitakudanganya: kinachoweza kusaidia ni rada na setelaiti, tena dakika chache kabla.

#10 Msimbo Iringa

Nataka kuitetea skimu kidogo, kwa sababu uzi unaelekea kuifanya mhalifu peke yake. Nimeendesha WRF, modeli ya utabiri ya eneo dogo, kwenye kompyuta za chuo kwa eneo la Iringa hadi Ziwa Nyasa. Uzuri wa WRF ni kwamba inakuruhusu kuchagua skimu kutoka orodha ndefu. Siku ileile, takwimu za kuanzia zilezile, nikibadilisha skimu tu, mvua ya Mafinga ilihama kwa saa nyingi na kiasi chake kikabadilika mno. Kwa hiyo hatuwezi kusema «skimu huwahi» kana kwamba ni moja. Ile ya Kain na Fritsch ya mwaka 1990 ina kigezo cha kuanzisha wingu kinachotegemea upepo unaopanda. Ile ya Betts na Miller ya mwaka 1986 inaivuta hewa kuelekea hali ya kigezo iliyopatikana kwa kupima tropiki. Na msingi wa nyingi za leo ni kazi ya Akio Arakawa na Wayne Schubert ya mwaka 1974, ambayo ndiyo iliyoanzisha jambo hili lote.

#11 Hesabu Kwanza

Haikuanzisha. Syukuro Manabe na wenzake walikuwa na njia ya kurekebisha hewa iliyoshiba katikati ya miaka ya 1960, na Kuo alitoa skimu yake mwaka 1965 akiielekeza kwenye vimbunga vya tropiki. Arakawa na Schubert walileta wazo kwamba mawingu ya ukubwa tofauti hufanya kazi kwa pamoja na kuitumia akiba ya nishati karibu kwa kasi ileile inayozalishwa na hali pana ya anga. Wazo hilo linafaa juu ya bahari. Juu ya nchi kavu, ambako jua hubadilisha kila kitu ndani ya saa tatu, ndipo linapoleta hii mvua ya saa sita.

Tena, mleta uzi ajue kwamba tatizo lake lilishashughulikiwa mahali fulani. Mwezi Novemba 2013 kituo cha Ulaya kilianza kutumia marekebisho ya Peter Bechtold na wenzake, ambayo huitenga ile sehemu ya akiba inayotokana na ardhi kupashwa moto asubuhi, ili skimu isiimwage mapema. Mvua juu ya nchi kavu ikasogea kuelekea alasiri. Huenda programu ya simu yako inachota kwenye modeli nyingine kabisa.

#12 Dereva wa Kitonga

Mimi ninapandisha mizigo Kitonga kila wiki na nina mtazamo tofauti na wa wasomi. Pale Ruaha Mbuyuni ni bondeni na joto kali, ukipanda kidogo tu uko Ilula na baridi. Mvua hukaa kwenye ule ukingo wa mlima, na utelezi wake tunaujua. Kama kisanduku kina kilomita 9 au 13, basi bonde na mlima vimechanganywa kuwa kilima kimoja cha wastani. Hata skimu iwe na akili ya namna gani, imepewa mlima usiokuwepo. Nadhani hapo ndipo penye kosa, kabla ya mambo ya nishati.

#13 Mwalimu wa Tukuyu

Dereva amesema jambo zito. Kutoka mgongo wa Uporoto, ulio juu ya mita 2,400, hadi Kyela karibu na mita 500, ni mwendo mfupi sana kwenye ramani. Asubuhi miteremko hii hupata jua na kuvuta hewa kutoka bondeni. Hewa hiyo hukutana juu ya mgongo na kulazimika kupanda. Modeli yenye mlima uliolainishwa ina upepo dhaifu wa bondeni, kwa hiyo hata mahali pa kuanzia wingu panakosewa.

#14 Mvuvi Matema

Ugonile. Mnazungumzia mvua ya jioni tu kana kwamba Nyanda za Juu Kusini zote ni moja. Huku ziwani mvua kubwa hutukuta usiku na alfajiri, hasa Aprili, upepo wa kusini unapopanda na ziwa zima na kugonga milima ya Livingstone. Simu yangu huniambia mvua itanyesha mchana. Mbona nadharia ya jua la asubuhi haielezi jambo hili? Nyavu zetu zinategemea kujua hilo, na mtu akiwa katikati ya maji radi inapoanza hana pa kujificha.

#15 Mchunguzi Anga

Mvuvi, huko kwako chanzo ni kingine. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani na kukutana juu ya maji yenye joto, na ukiongeza upepo wa kusini unaobanwa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, hewa haina njia ila kupanda. Ziwa hapo ni jembamba. Kwenye modeli ya dunia linaweza kuwa visanduku vichache tu, vingine nusu maji na nusu mlima. Maofisi ya hali ya hewa hutumia modeli za kilomita 4 au pungufu ambazo skimu ya mawingu marefu huzimwa, na mnara unaachwa ujichore wenyewe kwa sheria za mwendo wa hewa. Modeli ya tabianchi ya bara zima la Afrika yenye kilomita 4.5, iliyoendeshwa na Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza, iliweka saa za mvua vizuri kuliko mwenzake wa kilomita 25 wenye skimu.

#16 Msimbo Iringa

Tusiwape watu matumaini yasiyo na gharama. Kuupunguza upana wa kisanduku kwa nusu kunazidisha visanduku mara nne, na hatua za muda nazo lazima ziwe fupi mara mbili, kwa hiyo kazi ya kompyuta ni mara nane. Na kilomita 4 ni mahali pa wasiwasi, kwa sababu mnara unachorwa nusunusu. Unachelewa kuanza, kisha unakuwa mnene na mkali kupita kiasi, na mvua nyepesi inapotea. Nimeona Mufindi ikipata mvua ya kutisha kwenye skrini siku ambayo ilinyunyiza tu.

#17 Kijukuu wa Loleza

Na hizi modeli mpya za akili bandia? Nasikia GraphCast inatoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja, bila skimu yoyote.

#18 Hesabu Kwanza

Haina skimu ndani yake, lakini imefundishwa na ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa ya miaka iliyopita, ambazo zimetengenezwa na modeli ya kilomita 31 hivi yenye skimu. Mvua ya ERA5 ni ya skimu hiyo. Mwanafunzi amerithi saa za mwalimu wake.

#19 Mpiga Dawa wa Isyonje

Ndaga, nimejifunza mengi. Naomba kuuliza kitu cha vitendo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa mkoa wetu, husema «vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua». Zamani niliona ni kauli ya kukwepa. Baada ya maelezo haya ninaiona tofauti: inasema kuna minara, michache, na haijulikani itasimama wapi. Je, niko sahihi nikisema kauli hiyo ina ukweli kuliko ule mchoro wa tone la mvua saa sita kamili juu ya jina la kijiji changu?

#20 Mwalimu wa Tukuyu

Uko sahihi kabisa, na ninatamani wakulima wote wangeisoma hivyo. Mtabiri wa Mbeya anajua mlima. Mchoro wa simu umechukua wastani wa kisanduku na kuubandika jina la kijiji.

#21 Hesabu Kwanza

Turudi kwenye mgogoro wa skimu dhidi ya mlima, maana haujaisha. Napendekeza kipimo. Bonde la Usangu ni tambarare. Kama mvua ya modeli inawahi huko pia, mlima hauna hatia. Kama Usangu saa ni sahihi na Isyonje si sahihi, Dereva ameshinda. Kuna mtu wa Mbarali humu?

#22 Mpunga Igurusi

Nipo, na ninalima upande wa tambarare. Mvua yetu huja magharibi au usiku, mara nyingi tunaiona ikishuka kutoka milimani, imetanguliwa na upepo wa baridi wenye vumbi. Simu husema saa saba mchana. Kwa hiyo inawahi, tena kuliko kwa wenzetu wa juu.

#23 Hesabu Kwanza

Basi ni skimu.

#24 Msimbo Iringa

Haithibitishi hivyo. Mvua ya Igurusi haikuzaliwa Igurusi. Upepo wa baridi aliousema ni hewa iliyopozwa na mvua ya mlimani, inayomwagika tambarare na kuinua hewa ya moto iliyo mbele yake, na hapo mnara mpya unazaliwa. Skimu nyingi hufanya kazi katika kila kisanduku peke yake, wima, bila kumpa jirani habari kwamba hapa pamenyesha. Kwa hiyo Usangu inaweza kukosewa kwa sababu skimu imewahi, au kwa sababu mvua ya mlimani haikusafiri, au kwa sababu mlima wenyewe ulilainishwa na haikuzaliwa mahali pake. Kipimo chako hakitenganishi hayo matatu.

#25 Dereva wa Kitonga

Na vumbi hilo la Igurusi ninalijua, hufunga barabara kuu kabla hata tone halijaanguka. Likionekana upande wa Chimala ninaegesha gari. Wakuu, mwenye takwimu za setelaiti za kila dakika 15 atuwekee siku moja ya Januari, tuone mawingu yalianzia mgongo upi.

#26 Msimbo Iringa

Ninazo. Nitaziweka nikishazikata kwa eneo la Uporoto, Usangu na kaskazini ya ziwa, na mwenye kumbukumbu ya saa mvua ilipoanza kijijini kwake aiandike hapa pamoja na tarehe, ili tulinganishe na skimu zote nilizoziendesha.

#27 Mvuvi Matema

Weka na siku ya Aprili. Ya Januari haitanisaidia.